Maswali yenu ya ringi za baiskeli za kriteriamu (mbio za kuzunguka mitaa)

"Ringi gani nzuri kwa mbio za kuzunguka mitaa?" (Igoma, Mwanza)
Ndugu yangu, hili naletewa kila siku na hakuna anayesema ana kilo ngapi, breki zake ni za ringi au za diski, na mfukoni kuna nini. Rudi ujipange.

"Kaka, ringi nyepesi si nitachomoka vizuri kwenye kona?" (Pasiansi)
Utachomoka, ila kidogo sana kuliko ulivyoaminishwa. Uzito wa pale ukingoni unahesabika karibu mara mbili ukiwa unaongeza spidi, kwahiyo ukipunguza gramu 300 ni kama umeshusha 600, sasa wewe na baiskeli mna kilo 80, hiyo haifiki hata asilimia 1, yaani chupa ya maji tu. Kinachokumaliza ni kwamba kila kona unabana breki alafu unaanza kulifukuza kundi upya. Kaa mbele, pedali ya ndani iwe juu, achia breki mapema. Na hizi mbio watu wanaanguka jamani, ringi ambayo ikivunjika mtoto anakosa ada usiipeleke kule, aluminiamu yenye ukingo wa kina cha milimita 30 inatosha kabisa.

"Nimepata kaboni ya mtumba, milimita 80, nichukue?" (Capripoint)
Mbele hapana. Mchana upepo wa ziwa ukishaanza, ukifika kwenye uwazi kati ya majengo unakuvuta usukani katikati ya watu. Nyuma, kwa upande wa upepo, inavumilika. Ila mtumba wa kaboni nao, muuzaji anakwambia ni mkwaruzo tu, wewe gonga na sarafu ukingo wote, sauti ikibadilika sehemu moja achana nayo. Na kama breki ni za ringi usiweke raba za breki zilizotengenezwa kwa ringi za aluminiamu.

"Ile ringi ya nyuma iliyozibwa yote kama sahani je?"
UCI, chama cha baiskeli cha dunia, hawairuhusu mkianza kwa kundi. Ni ya kushindana na saa peke yako.

"Kilo 88, spoki 20 nyuma zinatosha?" (Buswelu)
Weka 28.

"Najaza upepo mpaka tairi inakuwa jiwe, ni sawa?" (Nyegezi)
Sio sawa na nimeshasema sana. Tairi ya milimita 28 kwa mtu wa kilo 70 anza na psi 70 hivi, ukizidisha inarukaruka, na mvua ikishashusha changarawe kutoka milimani mpaka kwenye lami ndo kona inakutema. Nunua pampu yenye geji na tairi nzuri kabla hujaniuliza ringi tena. Na waandaaji nao, mnakusanya viingilio alafu mnashindwa kufagia kona?