Kwa nini wengine hucheka na wengine husinzia kwenye Hot Fuzz

Umeuliza kwa nini rafiki zako mliotazama nao Hot Fuzz walichoka kabla ya nusu. Filamu hii ya vichekesho ya Uingereza (2007) ina dakika 121, na zaidi ya saa nzima hakuna mapigano ya bunduki: ni Angel, polisi wa London aliyehamishiwa kijijini, bata maji aliyetoroka, na fomu za kujaza. Ila hapo ndipo vichekesho vinapandwa. Danny, polisi mwenzake wa kijijini, anamuuliza Angel kama amewahi kufyatua bunduki mbili huku akiruka hewani; mwishoni wanafanya hivyohivyo. Bomu la baharini kwenye banda la mkulima nalo hulipuka baadaye. Aliyekuwa anachezea simu hapo mwanzo, mwisho utamwona anashangaa wenzake wanacheka nini.

Tatizo la pili ni lafudhi. Yule mkulima haeleweki hata kwa Waingereza wenzake: polisi mmoja anamtafsiri kwa Danny, Danny anamtafsiri kwa Angel. Maandishi ya chini ya skrini yakikuandikia kila neno wazi, utani umekufa. Yazime kwenye onyesho hilo tu.

Na irudieni. Mara ya pili huchekesha zaidi, kwa kweli.