Mvua ya radi ya Septemba Minneapolis: kwa nini huacha baridi nyuma yake?

SWALI: Nimekulia Bukoba, sasa niko Minneapolis na kazi yangu ni kuezeka mapaa. Utabiri wa wiki hii unasema: Jumatano nyuzi 84 za Farenhaiti, upepo wa kusini, manyunyu na radi asilimia 40 mchana na 70 usiku. Alhamisi nyuzi 62, upepo wa kaskazini-magharibi. Hiyo 40 ni ya nini hasa? Na inakuwaje mvua moja ishushe joto hivyo, wakati Bukoba inanyesha asubuhi na mchana tunavua sweta?

JIBU: Ndugu yangu, nianze na Bukoba, maana jibu la Minneapolis limejificha huko. Usiku upepo hutoka nchi kavu kwenda Ziwa Victoria, ambako maji yana joto kuliko ardhi. Pepo za pande mbalimbali hukutana juu ya ziwa, hewa yenye unyevu hupanda, mawingu ya radi hukua, kisha upepo wa mashariki huyasukuma hadi ufukwe wenu wa magharibi kunapokucha. Mvua hiyo hupoza kwa sababu matone yanapoanguka mengine huvukiza, na kuvukiza hula joto la hewa. Lakini hewa iliyobaki baada ya mvua ni ileile iliyokuwapo kabla. Jua likitoka, joto linarudi.

Minneapolis hewa yenyewe inabadilishwa. Nyuzi 84 za Jumatano, yaani kama 29 za Selsiasi, ni hewa iliyosafiri kutoka Ghuba ya Meksiko, ambako maji bado yana joto la kiangazi. Ya Alhamisi inatoka Kanada, ambako usiku umeanza kurefuka na ardhi inapoa. Kati ya sehemu hizo mbili hakuna safu ya milima iliyolala mashariki-magharibi ya kuzitenganisha. Milima ya Rocky imesimama kaskazini-kusini, kwa hiyo njia iko wazi pande zote mbili. Hewa baridi ni nzito. Inaingia chini ya hewa ya joto kama kabari na kuinyanyua, na pale inaponyanyuliwa ndipo radi zinapojipanga mstari. Kwenye ramani utauona mpaka wa hewa hizo mbili kama mstari wa buluu wenye pembetatu, ncha zikielekea hewa baridi inakokwenda.

Basi mvua siyo iliyoleta baridi. Mvua na baridi vimeletwa na kitu kimoja.

Sasa hiyo asilimia, ambayo watu wengi huielewa vibaya. Idara ya hali ya hewa ya Marekani ikisema 40, ina maana kwamba mahali popote utakaposimama katika eneo la utabiri, kuna nafasi 40 kati ya 100 kwamba saa hizo zitaleta angalau robo milimita ya mvua. Haisemi mvua itakuwa kubwa kiasi gani, wala itadumu muda gani. Mchana ni 40 kwa sababu mpaka bado uko mbali na radi zitakuwa za hapa na pale. Usiku ni 70 kwa sababu mpaka wenyewe unapita. Kwa mtu aliye juu ya paa, radi ya asilimia 20 inaua sawasawa na ya asilimia 80.

Ndiyo maana nakuomba utazame upepo kabla ya asilimia. Sisi wa pwani tumezoea kusi na kaskazi, pepo zinazopokezana kwa miezi. Huko upepo hugeuka kutoka kusini hadi kaskazini-magharibi ndani ya dakika chache, na kwenye utabiri wa saa kwa saa utaiona saa inayotarajiwa kugeuka. Panga kazi kwa saa hiyo. Lakini radi zinaweza kuutangulia mpaka huo wa hewa kwa mbali, na mara nyingi upepo wa ghafla wenye ubaridi hutoka chini ya wingu kabla ya tone la kwanza. Ukiusikia upepo huo, usisubiri kumalizia mstari wa vigae.

Ukisikia ngurumo, shuka. Radi inaweza kupiga zaidi ya kilomita 15 kutoka mvua inaponyesha, kwa hiyo kama unaisikia, uko karibu vya kutosha kupigwa. Ingia ndani ya jengo au gari lenye bodi ya chuma, siyo chini ya mti, na ungoje dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Simu ikikuandikia “watch”, mazingira ya dhoruba yapo. Ikiandika “warning”, dhoruba imeonekana au iko karibu, na hapo ngazi huwa umeshaishuka.

Alhamisi asubuhi huenda ukaona mawingu na manyunyu mepesi yakisalia, kisha anga ya buluu. Usikose jaketi usiku wake: hewa ya Kanada ni kavu, na hewa kavu chini ya anga isiyo na wingu huacha joto la ardhi litoroke upesi. Joto linaweza kurudi siku chache baadaye, upepo ukigeuka tena kuwa wa kusini, ila mchana wa Minneapolis mwezi huu unapungua kama dakika tatu kila siku, na kila mpaka unaofuata utakuta ardhi imepoa zaidi.