Gari langu limeunguzwa na moto wa pikapu ya jirani: nani atalipa?

SWALI: Assalamu aleikum. Nilikuwa nimeegesha Probox yangu nje ya nyumba, Maweni, Malindi. Usiku pikapu ya jirani iliyokuwa ubavuni ikashika moto, yangu ikaungua mlango, taa ya nyuma na viti. Jirani asema ni kudra ya Mungu, hadaiwi kitu. Bima yangu ni thadi pati. Nifanye nini?

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Pole sana. Kabla ya kubishana na jirani, toa hati yako ya bima uisome, si ile stika ya kiooni. Huku kwetu kila bima ya bei nafuu huitwa thadi pati, kumbe ziko mbili. Iko thadi pati tupu, inayolipa madhara uliyowafanyia wengine tu, na iko thadi pati yenye moto na wizi. Hii ya pili hulipa gari lako likiungua, hata kama moto umetoka kwenye gari la mtu mwingine, na huhitaji kuthibitisha nani mkosa. Bima kubwa, yaani komprehensivu, ni vivyo hivyo.

Ukiikuta hiyo, ripoti kwa kampuni yako leo. Utakatwa ekses, yaani sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe, iliyoandikwa kwenye hati, na malipo hayatapita thamani ya gari sokoni. Kisha kampuni yenyewe ndiyo itakayomfuata jirani kwa jina lako. Kwa hiyo usipokee pesa za kumaliza maneno wala usitie sahihi karatasi yoyote ya jirani bila kuiambia kampuni. Ukishamsamehe, umeifungia njia ya kumdai, nayo inaweza kukukatalia malipo.

Ikiwa ni thadi pati tupu, kampuni yako haikulipi kitu kwa Probox. Hapo tegemeo ni jirani na bima yake. Sheria ya Kenya, Sura ya 405, humlazimisha mwenye gari kukatia bima kifo na majeraha ya watu wengine. Mali haimo kwenye lazima hiyo. Hata hivyo hati nyingi za thadi pati huongeza kiasi fulani cha uharibifu wa mali. Mwombe jina la kampuni yake na nambari ya hati.

Ugumu uko hapa. Moto peke yake haumfanyi jirani kuwa na deni. Lazima uonyeshe uzembe: bomba la petroli lililokuwa likivuja, nyaya zilizoungwa ovyo, au harufu ya mafuta aliyoambiwa akapuuza. Na kama alijua hitilafu akaiacha, neno la kudra halimwokoi. Basi kusanya ushahidi pikapu ikiwa bado ipo, kwani mabaki yakishauzwa skrepu hakuna fundi atakayekuambia moto ulianzia wapi. Piga picha za magari yote mawili kabla hayajasogezwa. Chukua abstrakti ya polisi, yaani karatasi ya kuonyesha umeripoti tukio, omba ripoti ya zimamoto kama walifika, andika majina ya walioona, na mlete fundi wa umeme wa magari aandike alichokiona. Makadirio ya matengenezo pia uyapate kwa maandishi.

Ukishakuwa nayo, mwandikie jirani barua ya madai na nakala kwa bima yake. Najua mnaonana msikitini na kwenye maziko, lakini barua ya heshima haivunji ujirani. Mara nyingi ndiyo humfanya aripoti kwa kampuni yake, maana bima yake hailipi asiporipoti.

Akikataa, mahakama ya madai madogo husikiza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na unaweza kujisimamia bila wakili. Mshtakiwa ni jirani, si kampuni yake ya bima. Muda wa kushtaki kwa uzembe ni miaka 3 tangu siku ya moto. Na ikiwa kampuni yako ndiyo inayokuzungusha, malalamiko yapeleke Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, ukiambatanisha kila barua uliyowaandikia.