Jibu: Natuma 5,000, inaingia 4,850

Salamu dada. Umeuliza kwa nini kwenye mpango wako binafsi wa pensheni hapa Kenya unatuma shilingi 5,000 kila mwezi na taarifa inaonyesha 4,850. Hiyo 150 ni asilimia 3, na inaelekea ni ada ya mchango, inakatwa kabla pesa haijawekezwa. Yangu ilijificha ukurasa wa mwisho wa fomu, maandishi madogo kama sisimizi.

Anza na fomu uliyotia sahihi. Kisha uliza kwa barua pepe (kwenye simu watakupiga chenga): riba mliyotangaza ni kabla au baada ya gharama? Hapo ndipo penye uzito. Meneja wa mfuko (anayewekeza pesa), mtunza mali (anayezihifadhi) na msimamizi (anayeweka kumbukumbu za wanachama) hulipwa kutokana na salio lote, kila mwaka. Tuseme wote kwa jumla wanakata asilimia 2: ukiwa na salio la 400,000, hiyo ni 8,000 kwa mwaka; ile 150 yako kwa mwaka mzima ni 1,800 tu. Mimi nilijibiwa baada ya wiki mbili, nikahamisha salio. Ila kabla ya kuhama, angalia kama kuna ada ya kutoka.

Mkataba wako sijauona. Ukitaka, piga picha ukurasa wa ada uuweke hapa, ufiche namba ya uanachama.