Mbegu za ndugu wa hoya hazisubiri

Ukishaizoea hoya, ule mmea wa kutambaa wenye maua kama ya nta, hukawii kukutana na ndugu zake: Dischidia yenye vijani vinene kama sarafu, Ceropegia yenye maua yanayofanana na vitaa vya chemli, Stephanotis yenye maua meupe ya kunukia. Vipandikizi vya aina za nadra havipatikani kirahisi, kwa hiyo tamaa inaangukia kwenye mbegu. Nimezisia kwa miaka kadhaa, na nilizoziua ni nyingi kuliko nilizozifikisha kwenye maua. Wageni wengi wa kazi hii nawaona wakijikwaa palepale nilipojikwaa mimi. Wanadhani kazi ni kuotesha, kumbe kuotesha ndiyo sehemu nyepesi. Tabu iko kabla ya hapo, na zaidi iko baada.

Tuanze na tunda lenyewe. Kwa nyingi ya mimea hii ni ganda refu lenye ncha, na mara nyingine hutoka mawili kama pembe za swala. Ukilifungua lililokomaa utakuta mbegu bapa za kahawia zimepangana kama magamba ya samaki, kila moja na kishungi cha nyuzi nyeupe kichwani. Likikauka linapasuka upande mmoja, nyuzi zinachanua, na upepo unazoa kila kitu. Tunda langu la kwanza la Ceropegia nililichunga wiki nyingi. Asubuhi moja nikatoka. Niliporudi nikakuta ganda tupu, na sufi imenasa kwenye pazia lote. Sasa kila tunda nalivika kijifuko cha kitambaa chepesi cha wavu mapema, lingali kijani. Usilikate bichi kwa haraka zako. La Stephanotis, ambalo unaweza kulidhania embe, huenda likakaa mtini karibu mwaka mzima.

Ukiona mmea wa ndani ya nyumba unachanua kila mara bila kuzaa hata tunda moja, usijilaumu. Chavua yao si vumbi. Imefungwa kwenye vifurushi vidogo vya nta, na lazima mdudu anayefaa avibebe. Mwaka 2016 watafiti walionyesha kwamba ua la Ceropegia sandersonii hutoa harufu ya nyuki aliyejeruhiwa. Huwavuta nzi wadogo waliozoea kudoea nyuki walionaswa na buibui. Nzi anaingia akitafuta mlo, anazuiliwa ndani ya ua, na akiachiwa anaondoka na mzigo. Mimi hilo lilinifanya niache kuwafukuza nzi wadogo dirishani.

Ukinunua, uliza swali moja tu: tunda lilipasuka lini? Mbegu za hoya na Dischidia hupoteza uhai ndani ya wiki chache. Za Ceropegia zikikaushwa vizuri na kuwekwa mahali pa baridi huvumilia zaidi, lakini hata hizo mimi sizilazi bila sababu. Muuzaji anayejibu "mbichi kabisa" bila kutaja tarehe, mpite. Na uwe na chombo tayari kabla mbegu hazijafika.

Kusia kwenyewe hakuna siri. Ng'oa ile sufi yote, maana ikilowa inakuwa godoro la ukungu. Tumia mchanganyiko unaopitisha maji haraka: makumbi ya nazi yaliyosagwa na changarawe laini ya volkano au perlaiti, vile vijiwe vyeupe vyepesi. Laza mbegu juu bila kuzifukia, ziachane kwa upana wa kidole, kisha funika chombo kwa kitu angavu. Penye joto la nyuzi 22 hadi 27 za Selsiasi, mbegu mbichi za Dischidia na Ceropegia huchipua ndani ya wiki moja. Stephanotis hujivuta zaidi.

Hapo ndipo furaha inapoponza. Umeona miche 20 imesimama, unaendelea kuifunika na kuinyunyizia kila asubuhi kama ulivyokuwa ukifanya. Siku ya 10 hivi, mmoja umelala. Uangalie kwa karibu: majani mawili bado ni ya kijani, hayana hata doa, ila shingoni, pale shina linapogusa udongo, pamesinyaa na kuwa uzi wa kahawia. Hicho ni kinyausi, ugonjwa wa ukungu unaoozesha miche shingoni. Kesho italala mitatu, keshokutwa nusu ya chombo. Ng'oa uliolala pamoja na udongo unaouzunguka, bila huruma. Dawa hasa ni kutofika huko: mbegu zikishachipua tu, anza kuacha mwanya kwenye kifuniko, mwembamba leo, mpana zaidi kesho, na maji yapande kutoka chini kwenye sahani. Nikilazimika kuchagua kati ya mche wenye kiu kidogo na mche uliolowa usiku kucha, nachagua wenye kiu.

Inayopona itakuchosha kwa njia nyingine. Dischidia inaweza kukaa miezi na majani yaleyale machache ukadhani imekufa, kumbe inajenga mizizi. Usiifukuefukue kuangalia. Nyingi huishi juu ya miti huko kwao, kwa hiyo ukiihamisha ipe vipande vya magome, si udongo mzito. Ceropegia ni kinyume chake: shina linatoka likipapasa hewani, na usipoipa kijiti mapema itajisokota kwenye jirani, na kuzitenganisha bila kuvunja ni kazi ya jioni nzima. Aina zenye viazi ardhini hazitaki udongo unaokaa na maji hata kidogo.

Mbolea iwe robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, tena baada ya majani halisi kutokea, yaani yanayofuata yale mawili ya mwanzo. Kagua ncha changa kila wiki, kwa kuwa vidukari vya manjano huzipenda mno. Ukivunja shina utaona utomvu, mara nyingi mweupe kama maziwa. Nawa mikono kabla ya kugusa macho.

Ua la kwanza likipukutika, usikikate kikonyo chake. Kwenye hoya, na Dischidia nyingi, maua yanayofuata hutoka hapohapo.