Printa ikitoa karatasi zenyewe usiku, usikimbilie kubadili tona

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, printa yetu ya ofisini inatoa karatasi zenyewe usiku. Juu kuna mistari michache, maneno kama GET na HTTP, kisha ukurasa mzima mtupu. Nibadilishe tona?"

Niliusoma ujumbe ule nikanyanyuka kwenda kunywa maji. Karatasi hizo nazifahamu. Kuna wakati nilikuwa nazikuta kwenye trei kila asubuhi, nazikata katikati, nazibana kwa klipu na kuandikia vikumbusho vyangu. Mwizi anapiga hodi, mimi natengenezea hodi yake daftari.

Ngoja nisimulie, maana najua wengi mnaonisoma mko kama mimi wa wakati ule: wewe ndiye "mtu wa kompyuta" pekee ofisini, unaota ukuu wa kitengo, na neno "haiwezekani" hutaki bosi alisikie kinywani mwako.

Tulikuwa tunatumia Google Cloud Print. Mtu yuko nyumbani, anabofya, karatasi inatoka ofisini. Google walitangaza mapema kwamba huduma hiyo ingefungwa tarehe 31 Desemba 2020, nami nikasema muda upo. Januari ikaingia, watu wako majumbani, hakuna kinachochapika, simu ya bosi haikomi. Nikafanya jambo ambalo nikilikumbuka naona aibu hadi leo. Niliingia kwenye ruta nikafungua njia kutoka intaneti moja kwa moja hadi kwenye printa: mlango (port) namba 9100 wa kuchapishia, na ule wa ukurasa wa usimamizi, ili niweze kuirekebisha nikiwa kitandani. Ni siku mbili tu, nikajiambia. Bosi alinisifu mbele ya wenzangu. Baadaye tukahamia huduma nyingine ya wingu, yaani inayopitisha kazi kwenye kompyuta za kampuni nyingine mtandaoni, nzuri kabisa, na ile milango nikaisahau. Ilikaa wazi mwaka mmoja na miezi miwili.

Sasa karatasi zile. Printa inayosikiliza mlango 9100 haiulizi maswali. Chochote kinachofika hapo inakihesabu kuwa kazi, inakichapa. Kuna programu zinazozunguka intaneti usiku na mchana zikibisha kwenye kila anwani. Moja ikibisha kwa lugha ya tovuti, ndiyo hiyo GET, printa inaichapa kama ilivyo. Kila karatasi ni ushahidi kwamba mgeni amefika hadi kwenye trei yako. Novemba 2018 mdukuzi mmoja alipitia mlango huohuo kuchapisha vipeperushi vya kumpigia debe PewDiePie wa YouTube, akadai amezifikia printa 50,000. Dunia ilicheka. Nami nilicheka.

Aliyekuja kwetu hakuchapa chochote. Alifungua ukurasa wa usimamizi, akaingia kwa nywila iliyotoka kiwandani. Nilikuwa nimebadili za kompyuta zote, printa nikaiacha. Nani anaiwazia printa? Ndani akakuta mipangilio ya kutuma skani kwa barua pepe. Nywila ya barua pepe ilionekana kama vinukta tu, hakuweza kuisoma. Hakuwa na haja. Alifuta anwani ya seva yetu ya barua, akaandika ya kwake, akabonyeza kitufe cha kujaribu muunganisho. Printa, mtiifu wa siku zote, ikampelekea nywila yenyewe.

Ilikuwa nywila yangu. Ya akaunti ya msimamizi, ileile inayoendesha uchapishaji wa wingu na barua pepe za ofisi nzima. Uthibitisho wa hatua mbili nilikuwa nimeuzima, kwa sababu printa haiwezi kuingiza msimbo wa simu.

Yaliyofuata nayapita haraka. Ankara ilimfikia mteja wetu ikiwa na namba ya akaunti ya benki isiyo yetu. Akalipa. Fedha hazikurudi. Kwenye kikao, bosi yuleyule aliyenisifu alisema, "Tumemwachia printa tu, nayo imemshinda." Leo nasimamia printa nyingi kuliko watu waliokuwa kwenye kikao kile, lakini sentensi hiyo bado naisikia.

Jamani, tuache mazoea. Huduma ya wingu iliyowekwa sawasawa haihitaji mlango wowote wa kuingilia. Printa, au kompyuta inayoiunganisha, ndiyo inayotoka kwenda kuuliza kama kuna kazi, na mazungumzo hayo husimbwa njiani, asiyehusika asiyasome. Kwa hiyo ukikuta kwenye ruta kuna mlango ulioelekezwa kwenye printa, ufunge leo. Hujui kama upo? Zima Wi-Fi kwenye simu, tumia data, andika kwenye kivinjari anwani ya IP ambayo ofisi inaonekana nayo nje. Ukiuona ukurasa wa printa, basi hata mimi naweza kuuona.

Badili nywila ya kiwandani. Skani ipewe akaunti yake ya kutuma barua tu, isiyo na mamlaka mengine. Msimamizi awe na hatua mbili, bila visingizio. Mfanyakazi akiondoka, akaunti yake ya kuchapishia iondoke naye siku hiyohiyo. Weka masasisho, ya printa na ya Windows pia. Waliopuuza mwaka 2021 walikutana na PrintNightmare, tundu kwenye sehemu ya Windows inayopanga foleni ya uchapishaji. Nyaraka za mishahara zisitoke mpaka mwenyewe asimame mbele ya mashine na kuingiza PIN. Mashine ya kukodi ikirudishwa, diski yake ifutwe kwanza, maana nyingine zinahifadhi nakala za kazi. Na mlango, nimesema ufungwe? Nasema tena.

Msomaji wangu amejibu. Ruta iliwekwa na mtu aliyekwishaacha kazi, nywila yake hakuna anayeijua. Nimemwambia aichomoe printa kwenye mtandao sasa hivi, wachapishe kwa waya wa USB mpaka mtoa huduma wao aje. Anasema bosi atakasirika.

Akasirike.