Acheni kuniuliza sumu gani

Kapu la maswali yenu la wiki hii limejaa viumbe waliozidi na viumbe waliopungua. Maswali yanayofanana nimeyaunganisha. Yale yote yaliyoanza na "nitumie sumu gani" nimeyajibu kwa mkupuo mmoja hapa chini, na yakija tena wiki ijayo sitayagusa.

Panya wanafukua mbegu zote. Kila msimu tunanunua sumu, kila msimu wanarudi. Ipi kali zaidi? (Mkulima, Kilosa)

Tatizo lako si ukali wa sumu. Panya shamba jike huzaa watoto wapatao 11 kwa uzao mmoja, na mimba yake haifiki hata mwezi. Ukiua panya tisa kati ya kumi, yule aliyebaki anakuta chakula cha kumi na mashimo ya kumi. Anashiba, anazaa vizuri, na watoto wanakua. Juu ya hayo, shamba lako halina ukuta. Panya wa jirani na wa kichakani wanahamia kwenye nafasi uliyowasafishia. Wiki chache tu umerudi pale pale, ila hela ya sumu haijarudi.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, wamewafuatilia panya hawa kwa miongo kadhaa, na walichokiona mkulima anaweza kukitumia bila maabara. Panya shamba hufuata mvua. Majani mabichi yakichipua, wanaanza kuzaa. Mwaka wa kawaida wanazaa masika, na watoto wa mwaka huo hawazai mpaka masika inayofuata, tena wengi hawafiki huko kwa sababu kiangazi kinawamaliza. Lakini vuli ikiwa nzito, uzazi unaanza mapema, na watoto waliozaliwa wakati huo wanakuwa wamepevuka masika inapokolea. Wanazaa mwaka huohuo waliozaliwa. Hiyo ndiyo miaka mnayoona panya wanakatiza njia mchana kweupe. Kwa hiyo anayetaka kujihami aanze kuangalia vuli, asisubiri kukimbilia duka la pembejeo.

Fyekeni kingo za mashamba. Pandeni kwa wakati mmoja. Tegeni mitego kijiji kizima kabla na baada tu ya kupanda, maana hasara kubwa huja mbegu zikiwa ardhini na miche ikiwa michanga. Sumu ya mtu mmoja katikati ya mashamba ya watu ambao hawajafanya chochote ni sadaka. Tena sumu hizo nyingine humuua hata bundi aliyemla panya aliyekula sumu. Najua wengi wenu mnamwogopa bundi kuliko panya, lakini bundi hajawahi kuwafukulia mahindi.

Nikifuga paka wanne je? (Mama Shujaa, Gairo)

Ghalani watakusaidia. Shambani watashiba mapema sana kabla panya hawajapungua.

Naomba maana ya idadi ya juu ya viumbe ambayo eneo linaweza kuitunza. Mtihani Jumatatu. (Mwanafunzi, Tabora)

Mwanangu, maana umeshaiandika kwenye swali. Ongeza kwamba idadi hiyo haigandi mahali pamoja: mvua ikikatika inashuka, malisho yakistawi inapanda.

Simba wakiendelea kuuawa, si nyumbu wa Serengeti watajaa mpaka nchi ishindwe kuwabeba? (Msomaji, Musoma)

Swali hili huja kila mwaka na kila mwaka linakuja na jibu lake ndani, kwamba simba ndiye mdhibiti. Kwa nyumbu, siye.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikuwa kama 250,000. Kufikia mwaka 1977 walikuwa wamepita milioni 1.3. Simba hawakuwa wamekwisha katika miaka hiyo. Kilichokwisha ni sotoka. Ugonjwa huo uliingia Afrika Mashariki karibu na mwaka 1890 ukafagia ng'ombe, nyati na nyumbu, na kwa miaka mingi uliendelea kuua ndama wa nyumbu. Ng'ombe wa wafugaji wanaozunguka hifadhi walipochanjwa, ugonjwa ulikosa pa kujificha, na ndama wakaanza kukua. Pundamilia, ambaye sotoka haimpati, hakuongezeka kwa namna ile. Ulinganisho huo peke yake unatosha kuonyesha mkono wa nani ulikuwa umewabana. Na angalieni, nyumbu waliponywa kwa chanjo waliyopigwa ng'ombe. Wanaosema mfugaji na hifadhi hawana jambo la pamoja waanzie hapo.

Baada ya hapo idadi haikuendelea kupaa, ilitulia kwenye milioni moja na ushei. Mtanzania mwenzetu Simon Mduma na wenzake walipitia kumbukumbu za miaka 40 na kupima mizoga, wakakuta kwamba robo tatu hivi ya vifo vya nyumbu ni vya njaa. Kipimo chao kimojawapo ni uboho. Mnyama aliyekufa akiwa na afya uboho wake una mafuta, aliyekonda kwa njaa uboho wake unakuwa kama ute. Simba anakula nyumbu, ndiyo, ila wengi wa kufa walikuwa tayari wanakwenda na njaa. Kinachoamua ni nyasi za kiangazi kugawanywa kwa midomo iliyopo. Wakiwa wengi kila mmoja anapata kidogo, na walio dhaifu hawamalizi kiangazi. Ukame wa 1993 uliwapunguza kwa mamia ya maelfu bila msaada wa simba yeyote.

Sasa msikimbilie kusema simba hana kazi. Nyumbu anahama, na simba hawezi kuhama naye mwaka mzima akiwa na watoto. Tena nyumbu majike huzaa karibu wote ndani ya wiki chache, mwezi Februari hivi, hivyo wala-nyama wanashiba na ndama wanabaki. Wanyama wadogo wasiohama hawana bahati hiyo. Kaskazini mwa Serengeti, miaka ya 1980, majangili waliwaua simba na fisi wengi kwa sumu na mitego. Taya, swala tomi, ngiri, nyamera na swala pala wakaongezeka. Wala-nyama waliporudi, wakashuka tena. Twiga wa hapohapo hakutikisika, maana ni mkubwa mno kuwa riziki ya kila siku. Kwa hiyo ukiniuliza simba anadhibiti nani, nami nitakuuliza mnyama gani, mkubwa kiasi gani, na anahama au hahami.

Nimepanda mahindi manne kila shimo ili nivune mengi. Mbona magunzi yamekuwa madogo? (Kijana, Njombe)

Kwa sababu mmea haukimbii. Mnyama akikosa chakula anahama au anakufa, mahindi yanabaki palepale yanagawana mbolea, maji na jua, na kila mmoja anakonda. Ukizidisha idadi, unapunguza umbo. Sentimita 75 kwa 30 mmea mmoja, au 75 kwa 60 mimea miwili. Mingine ing'oe mapema, usiionee huruma.

Sangara mmoja anataga mayai mamilioni. Inakuwaje serikali iseme anapungua? Si wanatubana tu? (Mvuvi, Ukerewe)

Kaka, mayai mamilioni ni dalili ya vifo vya mamilioni. Ili idadi ibaki ilivyo, katika mayai yote ambayo jike atataga maisha yake yote wanatakiwa wafikie utu uzima wawili tu, mmoja wa kushika nafasi yake na mmoja nafasi ya dume. Waliobaki huliwa, tena na sangara wenzao pia. Wavu wa kokoro unapozoa vichanga ufukweni, unachota kwenye wale wachache waliokwishavuka hatari kubwa.

Ukubwa wa chini unaoruhusiwa ni sentimita 50, na majike wengi wakiwa na urefu huo hata hawajaanza kutaga. Kwa upande wa pili, jike kubwa lina mayai mengi kupita kiasi likilinganishwa na dogo. Tena mabondo, yaani vifuko vya hewa vya sangara, yana bei, na bondo kubwa linatoka kwa samaki mkubwa, kwa hiyo wazazi nao wanaandamwa. Vichanga kwa kokoro, wazazi kwa mabondo. Wa kuzaa atabaki nani?

Na kabla hamjamlilia sana sangara, kumbukeni si mwenyeji. Aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, akakaa kimya miaka mingi, kisha miaka ya 1980 akalipuka. Furu, samaki wadogo wenyeji wa ziwa, wa aina mamia walitoweka au wakawa adimu. Sangara alipovuliwa sana, baadhi ya furu wakaanza kurudi.

Kunguru! Kunguru! Kunguru! (Wasomaji wengi, Dar es Salaam na Unguja)

Nimewasikia. Kunguru huyu mwenye shingo ya kijivu aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 asafishe taka, na mpaka leo anafanya kazi aliyoitiwa. Mmeshamtega, mmeshamlisha sumu, idadi ikashuka kweli, kisha kampeni ikaisha na yeye akarudi, kwa sababu jalala liliachwa wazi, buchani mifupa inatupwa nje na mapipa hayana vifuniko. Sikatai kumpunguza. Anakula mayai na makinda ya ndege wenyeji, na huyu ni mgeni. Ila ukiua bila kufunika taka, unampunguzia kunguru aliyebaki foleni ya chakula.

Magugu maji tuliyaona madogo Kisumu, mwezi mmoja bandari imefungwa. Yanatoka wapi haraka hivyo? (Msomaji, Homa Bay)

Yanajigawa maradufu kwa muda wa wiki mbili hivi maji yakiwa na rutuba. Yakiwa yamefunika robo ya ghuba watu husema bado kuna nafasi, na mwezi mmoja baadaye ghuba yote ni kijani. Fukusi, wadudu wanaokula magugu hayo, walioachiwa ziwani miaka ya 1990 walisaidia sana, na mwishoni mwa muongo ule magugu yalianguka. Yakarudi baadaye. Mbegu zake hukaa kwenye tope miaka mingi, na mbolea ya mashambani na maji taka ya mijini vinaendelea kuingia ziwani. Mashine ya kuvuna magugu hupigwa picha vizuri. Mfereji wa maji taka hakuna kiongozi anayekwenda kuuzindua.

Tembo wamezidi. Kwa nini wasipunguzwe kwa risasi kabla hawajatumaliza? (Mkazi, Voi)

Ubishi huu mlishakuwa nao Tsavo miaka ya 1960. Mwanasayansi Richard Laws alitaka tembo wapunguzwe, mhifadhi David Sheldrick akataka waachwe. Ukame wa 1970 na 1971 ukaingilia kati ukaua zaidi ya 5,000, na wengi walikuwa majike na ndama, wasioweza kwenda mbali na maji kutafuta majani. Kisha majangili wa pembe wakaendeleza. Mnyama mwenye mimba ya miezi 22 hajazi pengo haraka, hivyo hesabu za panya msimletee tembo. Kwako wewe, ambaye shamba limevunjwa juzi, swali si wangapi wapo Tsavo. Ni nani aliyegawa viwanja kwenye njia yao. Muulize huyo kwanza.

Mtaani mbwa wamezidi na mmoja ana kichaa. Wameagizwa wauawe wote. Ni sawa? (Mjumbe, Pemba)

Mwenye kichaa auawe na wataalamu wa mifugo, hilo halina mjadala. Kuua wengine wote ni habari ya panya tena: jalala lipo, mbwa wapya watakuja, na wapya hawana chanjo. Mnaweza hata kuwaua waliochanjwa mkabaki na wasiochanjwa. Kinachokata kichaa ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa, na kurudia, maana watoto huzaliwa kila mwaka. Pemba kwenyewe mmeshaukata kwa chanjo, chanjo zikalegea ukarudi, mkachanja tena ukakatika. Na aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kuanza sindano. Asikae nyumbani kusubiri kuona mbwa atafanya nini.